Kabla ya kushika spana, gaweni mirathi

Tunajua wengi mnasubiri picha za Peugeot 504 iliyombeba mdogo wetu siku ya harusi yake hapa Kahama. Zitakuja inshaAllah. Kwanza tuseme lile lililotaka kutugombanisha.

Gari ni la marehemu baba, la aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na alikuwa hachoki kutukumbusha. Lilikaa uani juu ya mawe miaka kumi na moja, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mdogo wetu alipoposwa, sisi dada zake wawili tukaona badala ya kukodi gari la kifahari, tulifufue hili. Hatukuwahi kufungua hata plagi. Tukaanza Jumamosi ile ile bila kumuuliza mtu, na hapo ndipo tulipokosea.

Lilipokuwa bovu hakuna aliyelitaka. Lilipopigwa msasa na puti, kaka zetu wakakumbuka kuwa nao ni warithi. Tulikasirika, wiki mbili hatukupigiana simu. Lakini walikuwa na haki. Mali ya marehemu, yakishalipwa madeni na kutolewa wasia, ni ya warithi wote hata ikiwa chuma chenye kutu. Kuiacha miaka yote hiyo bila kuigawa lilikuwa kosa letu sote.

Shehe akatuuliza swali moja tu: lilikuwa na thamani gani kabla hamjaligusa? Fundi aliyeliona tangu mwanzo akasema shilingi 1,600,000. Mama akapata thumni yake, 200,000. Iliyobaki, 1,400,000, ikawa mafungu saba: kaka wawili 400,000 kila mmoja, sisi mabinti watatu 200,000 kila mmoja. Tukanunua mafungu ya wenzetu kwa 1,200,000 mbele ya mashahidi. Tungeuliza mapema, tusingebishana kama rangi mpya inahesabiwa au haihesabiwi. Kadi bado ina jina la baba, na TRA hawalibadilishi bila barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Shauri lipo Mahakama ya Mwanzo.

Kazi yenyewe tuliipenda. Petroli ya zamani mwageni yote, huganda kama gundi na kuziba kabureta. Msiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Mtandio ufungeni nyuma, feni ya injini haina heshima. Breki tulimwachia fundi, hatuoni aibu. Viti ndivyo vilikuwa vyetu: tulifumua kitambaa cha zamani polepole, kila kipande tukakiandika namba, kikawa kipimo cha kukatia kipya. Ngozi ya bandia ilivunja sindano nne za kawaida kabla hatujaweka namba 18.

Wapo watakaosema ni israfu. Tusidanganyane, tumetumia zaidi ya bei ya kukodi. Ila la kukodi lingerudi kwa mwenyewe jioni ile, na kaka zetu wasingegombania usukani.

Aliendesha mkubwa. Mama alikaa mbele, akasema amekalia thumni yake. Tukamkumbusha kuwa tulishainunua. Akajifanya hasikii.