Kabla ya Kuwalaumu Wenyeji

Kuna hoja inayorudiwa hadi imechakaa: kwamba jamii asilia za Marekani zinajinyima tiba kwa kuukataa utafiti wa jeni. Naipinga, kwa kuwa inamhukumu aliyedhulumiwa na kumwacha huru aliyedhulumu.

Jeni za BRCA1 na BRCA2 husaidia kukarabati DNA iliyoharibika. Mwanamke aliyerithi kasoro katika BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na takriban asilimia 40 wa saratani ya ovari. Kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi kasoro hiyo. Na baba huirithisha sawa na mama. Ajuaye mapema huweza kujikinga. Lakini kipimo husomwa kwa kulinganishwa na hazina za taarifa za jeni, nazo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Wengine hupewa mara nyingi zaidi jibu lisilojibu: badiliko limeonekana, maana yake haijulikani.

Nani alaumiwe? Kuanzia mwaka 1990 Wahavasupai wa Arizona walitoa damu wakiamini kwamba kinachotafitiwa ni kisukari kilichokuwa kikiwaangamiza. Damu ile ile ikatumika kuchunguza skizofrenia na asili ya uhamaji wao, mambo ambayo hawakuyajua. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilikubali kulipa dola 700,000 na kuirejesha damu. Wanavajo nao walikuwa wamesitisha utafiti wa jeni katika ardhi yao tangu 2002. Huo si ujinga, ni kumbukumbu.

Hata hivyo, kumbukumbu peke yake haimponyi mgonjwa. Dawa yake ni mamlaka. Native BioData Consortium, iliyoko katika ardhi ya Wasioux wa Cheyenne River huko South Dakota, huhifadhi sampuli chini ya uongozi wa wanasayansi wa jamii hizo wenyewe. Hapo ndipo fedha za utafiti zinapopaswa kuelekezwa, zikiandamana na vipimo, ushauri na matibabu.

Nanyi wanafunzi na watumishi wa umma, ambao kesho mtaidhinisha tafiti, dai ruhusa mpya kwa kila matumizi mapya. Aliyetoa damu kwa ajili ya kisukari hakutoa ukoo wake mzima.