Anayekuuzia Kazi ya Reli Hana Kazi ya Kukuuzia

Hapa Ngaramtoni, Arusha, kuna imani ambayo watoto wanairithi kwa wazazi kama shamba: kazi ya reli ni ya wenye watu. Kama huna koneksheni Dodoma au Dar es Salaam, usihangaike kuomba. Utaisikia sokoni, utaisikia kwa bodaboda, na linaloniuma zaidi, utaisikia kwa kijana aliyetoka Chuo cha Ufundi Arusha na cheti chake cha umeme kimejaa vumbi kabatini.

Imani hii ni ya uongo, na imeshawagharimu watu mali.

Tuanze na kazi yenyewe. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kabla ya Agosti kwisha ilikuwa inafika Dodoma. Treni inayokimbia kilomita 160 kwa saa inataka fundi wa nyaya za umeme, fundi wa ishara na mawasiliano, dereva aliyefundishwa akafuzu. Mjomba hawezi kumfanyia mtu kazi hizo. Reli yetu ya zamani nayo, iliyofika Arusha mwaka 1929 na kurudishiwa treni ya abiria Oktoba 2020, bado inataka watu wa kuangalia mataruma na kokoto, na stesheni masta anayejua kupisha treni. Chuo cha reli kipo, Morogoro na Tabora. Je, ni wazazi wangapi wa huku wamewahi kukitaja mbele ya mtoto aliyemaliza kidato cha nne?

Nafasi za Shirika la Reli Tanzania (TRC) zimekuwa zikitangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yanatumwa kwenye Ajira Portal bila kulipa hata shilingi. Wengi huanguka hapo hapo, mapema kabisa, kwa mambo ambayo hayana uhusiano na ukoo. Mmoja ameweka hati ya matokeo badala ya cheti, wakati tangazo linasema wazi kwamba hati hiyo haikubaliki. Mwingine barua yake haina saini. Mwingine jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha shule, na hajawahi kuapa kwa wakili kurekebisha. Hawaitwi kwenye usaili, kisha wanarudi kijiweni kusema nafasi zilikuwa na wenyewe.

Kuna jambo jingine linaloilisha imani hii, nalo halielezwi vya kutosha. Anayefaulu usaili akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti, na nafasi ya sifa zile zile ikipatikana baadaye anaweza kupangiwa kazi bila kufanya usaili mpya. Jirani anaona mtu kaitwa kazini na hakumwona kwenye usaili wa juzi, anahitimisha kuwa kabebwa. Kumbe alishajibu maswali yake miezi mingi iliyopita, akasubiri.

Sisemi upendeleo haupo nchini. Upo, na anayeuona aupeleke TAKUKURU. Lakini kutoka hapo hadi kusema hakuna anayeingia kwa sifa zake ni kumtengenezea tapeli soko. Ndiye anayenufaika. Anapiga simu, anajitambulisha kuwa mtu wa utumishi, anataja jina la kijana na kozi aliyosoma, anaomba "ya kufungulia faili". Baba aliyelelewa na imani ya koneksheni haoni ajabu yoyote. Anaona hatimaye mlango wake umefunguka. Ng'ombe anauzwa, pesa inatumwa, namba ya simu haipatikani tena. Hawezi hata kulalamika kwa sauti, kwa kuwa sheria ya kuzuia rushwa inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea.

Wazazi wa Ngaramtoni, nawaomba: hela ya kumtafutia mtoto mtu wa kumshika mkono itumieni kulipia ada ya chuo. Na wewe kijana mwenye cheti kabatini, kitoe leo, kakithibitishe kwa wakili, fungua akaunti yako mwenyewe kwenye Ajira Portal. Atakayekupigia kukudai pesa ya ajira, chukua namba yake uipeleke polisi.