Mashine Ipunguze Uchovu, Isipunguze Watu



Katika mikutano ya matawi tunaulizwa mara kwa mara: chama kinaipenda mashine au kinaichukia? Swali hili limezidi tangu Mei 2023, wenzetu wa Kericho, nchini Kenya, walipochoma moto mashine za kuchuma majani ya chai. Hatuwezi kuwacheka. Mtu anayelipwa kwa kilo, akiona mashine moja inaingia shambani na kufanya kazi ya wachumaji wengi, hana sababu ya kuishangilia. Lakini pia hatukubali kwamba kila mashine ni adui. Ipo kazi moja ambayo sisi, tukipewa ruhusa ya kuchagua, tungeikabidhi kwa chuma kesho asubuhi. Ni kazi ya kushika mabomba kwenye mitambo ya kuchimba visima vya mafuta na vya mvuke.

Jambo hili haliko mbali nasi. Januari 2023 uchimbaji wa visima vya mafuta vya Kingfisher ulizinduliwa wilayani Kikuube, ukingoni mwa Ziwa Albert, ambako vilipangwa visima 31. Upande wa Tilenga, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, vilipangwa zaidi ya 400. Huko Olkaria, nchini Kenya, vipo visima vya mvuke wa kuzalisha umeme vinavyofika meta 3,000 chini ya ardhi. Kijana anayetoka kwenye mashamba ya miwa ya Masindi hana safari ndefu kufika kwenye kazi hizo, na ni vema ajue anakwenda kukuta nini.

Bomba la kuchimbia lina urefu wa meta 9 hivi. Mabomba matatu hufungwa pamoja na kusimamishwa ndani ya mnara, jumla meta 27. Meno ya kuchimbia yakiisha makali huko chini, mabomba yote hutolewa, meno hubadilishwa, kisha mabomba yote hurudishwa. Kisima cha meta 3,000 kina vipande kama 110 vya namna hiyo. Piga hesabu mwenyewe: mara 110 kufungua, mara 110 kufunga, usiku na mchana bila kusimama, kwa sababu mtambo hukodishwa kwa siku na kila saa inayopotea ina bei yake.

Kwa mtindo wa zamani kazi hiyo yote ilifanywa kwa mikono, na bado yapo mahali pengi inapofanywa hivyo. Watu husimama juu ya sakafu ya chuma iliyolowa tope. Mmoja hutia kabari ili bomba lisitumbukie kisimani. Wawili huvuta makoleo mazito yaliyoning'inizwa kwa waya, wakayauma kwenye maungio ya bomba. Zamani mwingine alirusha mnyororo ukajizungusha kwenye bomba, na mtambo ulipouvuta, bomba lilizunguka na kujifunga. Mnyororo ule ulikata vidole vya watu wengi sana, na katika miji ya mafuta ya Marekani mzee aliyepungukiwa vidole hakuhitaji kueleza aliwahi kufanya kazi gani. Juu kabisa, karibu meta 25 hewani, mtu mmoja aliyejifunga mkanda huinama kuyadaka mabomba na kuyapanga. Zamu ni saa 12. Aliyewahi kupakia miwa kwenye trela anajua kwamba saa ya kwanza na saa ya kumi na moja si saa zile zile.

Tangu miaka ya 1970 ulibuniwa mkono wa chuma ambao hulikamata bomba, hulizungusha na kulikaza kwa nguvu iliyopimwa. Baadaye vikaja vyombo vya kuyainua mabomba na kuyapanga mnarani pasipo mtu juu. Norwei ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia kudai kwamba bomba lishikwe kwa mashine na mtu akae mbali. Kadhalika yule mwendesha mtambo, ambaye zamani alishinda zamu nzima mkono wake ukiwa kwenye breki, akilegeza kidogo kidogo ili uzito juu ya meno usizidi wala usipungue, sasa kazi hiyo hufanyiwa na chombo kisichosinzia. Vipo na vipimo vya tope. Tope hupelekwa kisimani na kurudi juu. Likirudi jingi kuliko lililokwenda, maana yake mafuta au gesi inaingia kisimani kwa nguvu, na kisima kinaweza kufyatuka. Zamani mtu alichungulia tangi kwa macho. Leo kipimo huhesabu na kupiga king'ora.

Tunasema bila kusitasita kwamba haya ni maendeleo ya kweli. Mkono wa chuma ukikatika, hununuliwa mwingine.

Sasa tuje kwenye uchovu, maana waajiri wengi huuchukulia kama uvivu uliovaa nguo nyingine. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya majaribio yao katika jarida la Nature. Mtu aliyekaa macho saa 17, walipompima kwa kazi ya jicho na mkono, alikuwa amepungua uwezo sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi kinamzuia dereva kushika usukani. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anayeamka saa 6 mchana na kuingia kazini saa 12 jioni anatimiza saa 17 ifikapo saa 11 alfajiri, na bado hajaachiwa zamu. Hajaonja hata tone. Lakini mkononi ana koleo, au valvu, au kinu cha kukamua miwa.

Ajali kubwa zina tabia ya kupenda usiku. Three Mile Island, Marekani, Machi 1979: saa 10 alfajiri. Bhopal, India, Desemba 1984: baada ya usiku wa manane. Chernobyl, Aprili 1986: saa 7 na dakika 23 usiku. Piper Alpha, jukwaa la mafuta katika Bahari ya Kaskazini, Julai 1988: saa 4 usiku, watu 167 walikufa. Kila moja ilikuwa na sababu zake nyingi. Pale Piper Alpha zamu ya usiku iliwasha pampu bila kujua kwamba valvu yake ya usalama ilikuwa imeondolewa mchana. Karatasi iliyoeleza hivyo haikufika mbele ya macho yao. Katika ripoti nyingi jambo la namna hiyo huandikwa "kosa la binadamu", na binadamu huyo mara nyingi amekwisha kufa na hawezi kujibu. Sisi huuliza: ratiba ya zamu iliandikwa na nani? Yeye pia ni binadamu.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba ukinunua mtambo mpya umenunua usalama. Deepwater Horizon, uliokuwa ukichimba katika Ghuba ya Meksiko, ulikuwa mtambo wa kisasa hasa. Mwaka 2009 ulichimba kisima kirefu cha mafuta kilichozidi meta 10,000. Mwendesha mtambo alikaa kwenye kiti chenye vidhibiti, skrini mbele yake. Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010 kisima kilifyatuka, mtambo ukawaka, na watu 11 wakafa. Kwa zaidi ya dakika 40 kabla ya mlipuko, dalili zilikuwa zimo katika namba za skrini, na hakuna aliyezitambua kwa wakati. Tume ya taifa iliyochunguza iliona kwamba usalama wote uliachwa utegemee mtu anayefaa kutazama namba inayofaa katika dakika inayofaa, ilhali mtu huyo hukaa mbele ya skrini saa 12 mfululizo. Ikasema hapakuwa na sababu ya kukosa king'ora cha kumshtua namba zinapokwenda mrama. Tena, fundi mmoja wa elektroniki wa mtambo huo alitoa ushahidi kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimezuiwa kisilie chenyewe, ili watu wasiamshwe usiku na milio ya bure.

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Watu walihitaji usingizi, na mashine ilihitaji kupiga kelele. Aliyechoka akaona afadhali kuinyamazisha mashine. Wenzetu wa viwandani hawatashangaa, kwani nani hajaona taa nyekundu iliyofunikwa kwa kipande cha utepe?

Iko pia taabu nyingine ambayo wauza mitambo hawaitaji. Mashine ikichukua kazi ya mikono, humwachia mtu kazi ya kutazama. Kutazama tu, bila kutenda, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwaka 1948 mtafiti wa Uingereza, Norman Mackworth, aliwaketisha watu mbele ya mshale unaozunguka kama wa saa, wangoje pale unaporuka hatua mbili badala ya moja. Baada ya nusu saa tu walianza kupitwa na ishara. Mwaka 1983 Mwingereza mwingine, Lisanne Bainbridge, aliongeza kwamba mashine inayojiendesha humwachia mwanadamu yale magumu yaliyomshinda mhandisi, na humwita ghafla siku ya hatari, baada ya kumkalisha bure mpaka ujuzi wake ukaingia kutu. Kwa hiyo saa 12 za kutazama si mapumziko. Mgongo umepona, lakini kichwa kimebeba mzigo.

Sasa basi, uchovu uliookolewa na mashine ni mali ya nani? Hili ndilo swali la chama. Mwajiri akileta mkono wa chuma, akapunguza watu wawili na kuwaongezea waliobaki saa, kazi ya kutazama na matengenezo yote, basi ameuchukua uchovu wa mikono na kuurudisha kwa njia ya macho. Ajali itakuja tena, na itaandikwa kosa la binadamu. Huko Norwei wafanyakazi wa majukwaa ya baharini hukaa kazini wiki 2 kisha nyumbani wiki 4. Mashine haikuwapa hilo. Walilipata kwa vyama vyao kukaa mezani na waajiri, na mara nyingine kwa kusimama na kuondoka mezani.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka saa 48 kwa wiki kuwa kipimo, na Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari ya karibu ya maisha au afya yake. Palipo na mashine mpya, iwe mnara wa kuchimbia, kinu cha sukari au kikaushio cha chai, tunataka mkataba wa hiari utaje mambo haya kwa maandishi: aliyeondolewa kwenye kazi ya hatari afundishwe kuendesha na kutengeneza mashine hiyo kabla hajatafutwa mtu wa nje, anayetazama skrini au vipimo apokezwe baada ya muda mfupi, kisha apewe kazi nyingine, saa za usiku zipunguzwe kwa ujira ule ule, na king'ora kisizimwe na mtu yeyote, awe msimamizi au meneja, pasipo mwakilishi wa wafanyakazi kujulishwa na kutia sahihi.

Mazungumzo ya mikataba yanakaribia katika matawi kadhaa. Makatibu watuletee ratiba za zamu za usiku zilivyo hasa, si zilivyobandikwa ukutani, pamoja na idadi ya watu waliokuwa kwenye kila mashine kabla haijabadilishwa na idadi iliyopo leo. Bila namba hizo tutaingia mezani mikono mitupu.