Misuli ni Yenu, Msitusingizie

Mjadala wowote wa wavulana kuhusu mwili wa mwanamume, uwe bwenini, kantini au kwenye foleni ya chakula, huishia kwenye hoja moja: wasichana wanapenda misuli. Anayeitoa hoja hiyo ni mvulana. Anayebisha, akidai kwamba wasichana huogopa misuli iliyopita kiasi, naye ni mvulana. Sisi tunaotajwa hatuulizwi. Tumefanywa mashahidi katika kesi ambayo hatukuitwa mahakamani.

Naandika nikiwa mmoja wa mashahidi hao. Sipingi vyuma, wala simcheki anayevibeba. Mazoezi ni afya, na mwili ni wa mwenyewe. Ninachokipinga ni uzushi: kumfanya mwanamke kuwa sababu ya mwili ambao mwanamume ameujenga ili atazamwe na wanaume wenzake. Uzushi huo una gharama, na wanaoilipa ni vijana wa rika letu.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha katika kitabu hiki. Kiswahili humwita mtu wa aina hii "mtu wa miraba minne", na hiyo ni sifa. Humwita pia "pande la mtu", na hapo mna mshangao pamoja na hofu kidogo. Ukivuka kwenda Tanzania utasikia "baunsa", neno la walinzi wa kumbi za starehe ambalo sasa anaitwa nalo yeyote mwenye kifua kipana. Wenzetu wa Kinshasa wana "pomba". Hapa Kampala tunasema "kanyama", na mwanafunzi yeyote wa mofolojia atauona utani uliomo: ka- ya Kiganda ni ya udogoshi, na nyama ni nyama. Jitu zima la kilo 100 limeitwa kijinyama! Lakini utani huo husemwa kwa sauti ya chini, maana kanyama ndiye anayesimama mlangoni mwa klabu usiku, na ndiye anayesimama nyuma ya mwanasiasa wakati wa kampeni. Basi kabla hujaniuliza kama misuli mikubwa inavutia, niambie kwanza imesimama wapi na inamlinda nani.

Fasihi ya Kiswahili ililijua jambo hili zamani. Katika Utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa ni mmoja na mwili ni mmoja, lakini watazamaji ni wawili. Wagala, kama utendi unavyowaita, walimwona Liyongo wakatamani uzao wake, wakaomba aoe kwao ili wapate mbegu ya nguvu zile. Mfalme wa Pate alimwona mtu yule yule akakosa usingizi, akatafuta njia ya kumwua. Mabega yaliyowapendeza hawa yalimtisha yule. Wala hakuna aliyekosea: kila mmoja aliuona mwili ule kwa haja yake. Tena tukumbuke kilichomtoa Liyongo gerezani. Misuli yake haikuvunja minyororo. Aliutumia ushairi kumpelekea mama yake ujumbe, akaletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, akakata pingu huku ngoma na nyimbo zikifunika sauti. Na mwisho wake uliletwa na sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Wahenga wetu walimpenda jitu, lakini walimpenda jitu lenye utungo.

Je, kipimo hiki cha leo, cha misuli kwa ajili ya kutazamwa, kilitoka wapi? Hakikutoka kwa wanawake. Tarehe 14 Septemba 1901, katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, Eugen Sandow aliandaa shindano kubwa la kutunisha misuli. Sandow, mzaliwa wa Königsberg, alikuwa amepata umaarufu kwa kuuonyesha mwili wake jukwaani, na kipimo chake cha uzuri kilikuwa sanamu za kale za Wagiriki na Warumi. Majaji walikuwa watatu: mchongaji sanamu Charles Lawes, mwandishi Arthur Conan Doyle, na Sandow mwenyewe. Mshindi alipewa sanamu ya dhahabu ya nani? Ya Sandow! Mashindano ya Mr. Olympia yalipoanza mwaka 1965 yalifuata njia hiyo hiyo, na tangu mwaka 1977 mshindi wake hupewa sanamu ya Sandow. Wanaume walikaa wakapima mwili wa mwanamume kwa sanamu ya mwanamume, wakampa zawadi yenye umbo la mwanamume. Sisi tuliingiaje hapo?

Wapo watakaosema kwamba natetea hisia zangu, si ukweli. Basi tuangalie utafiti. Mwaka 2000 Harrison Pope na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa vijana wa vyuo katika Austria, Ufaransa na Marekani. Kila kijana alionyeshwa picha ya mwili na kutakiwa kuchagua mwili anaoutamani, kisha mwili anaodhani wanawake wanaupenda. Walichagua mwili wenye misuli zaidi ya wao kwa takribani kilo 13, na wakakisia kwamba wanawake wangependa zaidi ya hapo. Wanawake walipoulizwa, walichagua mwili wa kawaida. Hesabu yake ni rahisi: kijana anaongeza kilo kumi na kitu za misuli kulipa deni ambalo hakuna aliyemdai.

Sitaki kuchagua ushahidi unaonipendeza tu. Mwaka 2007 David Frederick na Martie Haselton walionyesha kwamba wanawake waliowachunguza huko California walivutiwa na misuli ya kiasi kuliko mwili usio na misuli na kuliko misuli iliyozidi. Lakini mwaka 2017 Aaron Sell na wenzake walitoa matokeo yanayowafurahisha watetezi wa vyuma: waliwaonyesha wanawake picha za miili ya wanaume, nyuso zikiwa zimefichwa, wakaona kwamba kadiri mwanamume alivyoonekana kuwa na nguvu ndivyo alivyovutia zaidi. Hakuna mwanamke hata mmoja miongoni mwao aliyeonekana kuwapendelea wanyonge. Sawa. Nayapokea matokeo hayo bila kinyongo. Lakini waliopigwa picha walikuwa wanafunzi wa chuo, wengine wakiwa wa jimu, hawakuwa washindi wa Mr. Olympia. Kusema kwamba nguvu inavutia si sawa na kusema kwamba kila kilo ya ziada inavutia. Chumvi hukoleza mchuzi, lakini hakuna apakuaye sahani ya chumvi.

Tena kuna jambo ambalo tafiti hizo zote haziligusi, na hapa ndipo ninapowashtaki wenzangu wasomi hasa. Nendeni soko la Owino alfajiri. Mtawakuta wapagazi wenye migongo ambayo jimu yoyote ingeipiga picha na kuibandika ukutani. Misuli yao imetokana na magunia ya maharage na marobota ya mitumba. Nani kati yenu amewahi kusema kwamba wale ndio wanaume wazuri wa Kampala? Hakuna. Mpagazi akipita mnampisha kwa kuogopa jasho lake. Misuli ile ile ikiwa juu ya kijana aliyelipia jimu kwa mwezi, akanunua na kopo la unga wa protini, inaitwa mvuto. Ikiwa juu ya mtu aliyeipata kwa kubeba mzigo wa mwenzake, inaitwa shida. Kumbe si misuli mnayoisifu. Mnasifu nafasi, na fedha za kuijaza nafasi hiyo. Na wale wanaojibu kwamba "mwenye misuli hana akili" wanafanya dhambi ile ile kwa upande wa pili, maana tusi hilo linamwangukia kwanza anayekula kwa nguvu za mwili wake. Jirani zetu wa vyuo vya Tanzania wana msemo mzuri: kusoma kwa bidii wanakuita "kupiga msuli". Lugha yao haikuona ugomvi kati ya msuli na kitabu. Ugomvi huo tumeuzua sisi.

Kama kweli misuli ingekuwa uzuri wa binadamu kwa jumla, basi ingekuwa uzuri kwa mwanamke pia. Lakini sivyo mnavyosema. Msichana akianza kunyanyua vyuma anaambiwa ataharibu umbo, atakosa mume, atakuwa mwanamume. Wanaomwambia hivyo walilelewa na mama aliyepanda kilima na dumu la lita 20 kichwani na mtoto mgongoni. Mikono ile ilipowabeba haikuwa na kasoro. Dunia ya mashindano nayo haikuwa na haya kuliko sisi. Shindano la wanawake la Ms. Olympia lilianza mwaka 1980. Kufikia mwaka 2005 shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilikuwa limewaagiza washindani wa kike wapunguze misuli yao kwa asilimia 20. Baada ya mwaka 2014 shindano lenyewe likasitishwa, lisirudi hadi mwaka 2020. Wanaume hawakuagizwa kupunguza hata asilimia moja. Kwa hiyo mwanamume akizidisha ni bingwa, mwanamke akizidisha amevunja kanuni, na katika hali zote mbili inasemekana ni kwa ajili ya kupendeza. Kumpendeza nani?

Sasa nije kwenye gharama niliyoitaja mwanzoni. Mwili wa jukwaani haujengwi kwa ugali na maharage, wala kwa mazoezi peke yake. Aliyewahi kuingia jimu za mjini anajua kwamba baada ya unga wa protini huja vidonge, na baada ya vidonge huja sindano. Homoni za kiume na steroidi za kukuza misuli zikitumiwa bila daktari huupumbaza mwili: ukiona homoni zinatoka nje, unaacha kutengeneza zake. Korodani husinyaa, mbegu za kiume hupungua hata kuisha, matiti huota, shinikizo la damu hupanda, moyo hupanuka. Kijana aliyetaka kuonekana dume anaweza kuishia kwa daktari akiuliza kama atapata mtoto. Wagala walitafuta mbegu kwa Liyongo. Sisi tunaimaliza mbegu ili tufanane naye! Hata pasipo sindano, uzito wenyewe hudai malipo yake. Ronnie Coleman alishinda Mr. Olympia mara nane mfululizo, kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Baada ya hapo amefanyiwa upasuaji mwingi wa mgongo na nyonga, na hutembea kwa magongo. Yeye alikuwa bingwa wa dunia na alilipwa kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayekula mlo mmoja ili anunue kopo la unga atalipwa nini?

Najua jibu litakalokuja: "Sisi hatufanyi kwa ajili yenu, tunafanya kwa ajili yetu wenyewe." Vizuri! Hilo ndilo neno nililokuwa nikilisubiri. Lisemeni hadharani. Semeni kwamba mnapenda kujiona mkiwa na nguvu, au kwamba mnataka wenzenu wawaheshimu, au kwamba mlionewa shuleni na hamtaki kuonewa tena. Hizo ni sababu za kibinadamu, na hakuna hata moja ya aibu. Anayeijua sababu yake anaweza pia kujua pa kusimama: aliyetaka heshima ataona siku moja kwamba ameipata, na aliyetaka nguvu atajua ameshapata za kumtosha. Lakini anayejenga mwili kwa ajili ya mwanamke wa kubuni hana pa kusimama, kwa sababu mwanamke huyo hayupo wa kumwambia inatosha.

Wanawake tuliopo tuna mapenzi yetu, na hayafanani. Katika chumba chetu cha bwenini tuko wanne. Mmoja anapenda mwanamume mwembamba mwenye maneno matamu. Wa pili anapenda mwenye kitambi, anasema kinaonyesha nyumba yenye chakula. Wa tatu, na asionewe kwa hilo, anampenda kanyama hasa, yule wa kuziba mlango. Mimi napenda mkono uliozoea kazi, uwe mnene au mwembamba. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Hakuna mvulana awezaye kuzikusanya roho nne hizi akatoa kauli moja, seuze kuwasemea wanawake wa Afrika Mashariki nzima.

Ombi langu kwenu, wenzangu, ni dogo. Anayetaka kubeba vyuma na abebe, apumzike, ale vizuri, aziache sindano. Asiyetaka asibebe, na asimtukane abebaye. Walimu wetu wanaotusimamia katika midahalo watuulize chanzo kila mtu anapodai kwamba "wanawake wanapenda", kama wanavyotuuliza chanzo cha kauli nyingine yoyote. Nasi mkitaka kujua tunachokipenda, tupo darasani, maktabani na kantini. Ulizeni, tutajibu wenyewe.