Tununue Lenzi Nyepesi

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliotutangulia,

Wote mnajua ya kuwa Chama cha Picha cha shule yetu kimeahidiwa fedha na wanafunzi wa zamani, ili tununue lenzi kwa ajili ya kamera yetu. Tangu habari hiyo ifike kumekuwa na mabishano mengi, bwenini, uwanjani, hata katika foleni ya uji. Wengine wasema tununue lenzi kubwa kama zile za waandishi wa habari waendao kupiga picha za kandanda. Wengine wasema tununue lenzi mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Mimi ni katika wale wachache wanaosema tununue lenzi moja nyepesi, iwezayo kupiga yaliyo karibu na yaliyo mbali bila ya kubadilishwa. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Kwanza nieleze maneno machache kwa ajili ya wadogo zetu wa kidato cha kwanza. Lenzi hupimwa kwa milimita. Milimita zikiwa chache lenzi huona mahali papana. Zikiwa nyingi huona mahali pembamba, lakini kitu cha mbali huonekana kama kimesogea karibu. Kamera yetu ni Nikon ya namna ya DX. Katika kamera hiyo milimita 18 huona pembe ya digrii 76 hivi, yaani darasa zima likisimama mbele ya ukuta. Milimita 140 huona digrii 11 tu, yaani mtu mmoja aliye hatua kumi na tano mbele yako hujaza picha nzima tangu kichwa hadi miguu. Lenzi ya kuvuta, au zumu kama wengine waiitavyo, ni ile iwezayo kwenda toka namba moja hadi nyingine kwa kuzungusha pete.

Tena kuna namba ya f, ambayo huonyesha ukubwa wa tundu la kupitishia nuru. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 huweza kupitisha nuru mara nne kuliko ya f/5.6. Hapo ndipo lenzi kubwa zipatapo sifa zake, na hapo hapo ndipo zipatapo uzito wake na bei yake.

Basi tuzitazame lenzi zenyewe. Lenzi kubwa inayotamaniwa na wengi ni ile ya milimita 70 hadi 200, yenye f/2.8. Ile iliyotolewa na Nikon mwaka 2016 ina uzito wa gramu 1,430. Lenzi ninayoipendekeza mimi ni ile ya milimita 18 hadi 140, iliyotolewa na Nikon mwaka 2013. Uzito wake ni gramu 490, yaani kama theluthi moja ya ile kubwa. Wenye kupenda lenzi kubwa hunicheka nikitaja mizani. Husema ya kuwa kilo moja na nusu si kitu kwa kijana mwenye nguvu. Lakini wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wasemao hivyo hawajaivaa shingoni tangu asubuhi hadi jioni.

Mwaka jana tulikwenda safari ya masomo upande wa magharibi, mpaka hifadhi ya Queen Elizabeth. Mtu mmoja mwema alituazima lenzi kubwa ya namna hiyo, nasi twamshukuru sana. Lakini angalieni mambo yalivyokwenda. Kwa kuwa ilikuwa ghali, mwalimu aliamuru ishikwe na wakubwa wawili tu, na haki alikuwa nayo. Tulipofika Kayabwe, pale barabara ya Masaka inapokata mstari wa Ikweta, kila mtu alitaka picha ya darasa. Lenzi ile haikuweza, kwa sababu huanzia milimita 70, na mpigaji angelazimika kurudi nyuma mpaka katikati ya barabara yenye magari. Tulipofika Kichwamba na kuliona Bonde la Ufa limetandazwa chini yetu, lenzi ilikuwa sandukuni chini ya mizigo. Katika mashua, kwenye mfereji wa Kazinga unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, ilifanya kazi yake vizuri mno. Tulipata viboko na ndovu wazuri. Lakini tukizitazama picha za safari ile leo, twaona wanyama wengi kuliko wanafunzi. Wadogo arobaini na wawili walisafiri, na hakuna hata mmoja wao aliyebonyeza kamera.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa, nami nataka kaka zetu waifikirie. Tukichagua lenzi twachagua pia nani atapiga picha. Kitu kizito na cha thamani nyingi hufungiwa kabatini, na ufunguo hukaa kwa mtu mmoja. Kitu chepesi cha bei ya kadiri hupita mikononi. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kukivaa shingoni saa nzima bila kuchoka, na mwalimu hatatoka jasho kila atakapomwona akiruka mtaro. Je, Chama cha Picha ni cha kufundisha wanafunzi kupiga picha, au ni cha wakubwa wawili na wengine kuwashangilia? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na lenzi ya kabatini haipigi picha.

Sasa nijibu wale wanaonipinga, maana hoja zao si za bure.

Hoja ya kwanza husemwa na wanafunzi wa zamani waliojifunza siku za filamu. Husema ya kuwa lenzi iwezayo yote haiwezi lolote vizuri. Walikuwa na sababu. Zumu ya kwanza ya kamera ndogo za filamu ilitolewa na Voigtländer wa Ujerumani mwaka 1959, nayo ilitoka milimita 36 hadi 82 tu. Hata mwaka 1992, Tamron wa Japani walipotoa zumu ya 28 hadi 200, watu walifurahi kwa wepesi wake lakini walilalamika juu ya ukali wa picha. Tangu hapo ufundi umeendelea. Vioo vya umbo maalumu vimekuwa rahisi kutengeneza, na lenzi nyingi za safari zina kifaa cha ndani cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Kamera zenyewe siku hizi huweza kunyosha mistari iliyopinda kwa hesabu tu. Sisemi ya kuwa zumu ya safari yalingana na lenzi kubwa. Pembe za picha bado hufifia kidogo ukivuta mpaka mwisho. Nasema ya kuwa katika ukurasa wa gazeti hili, au katika picha ya kutundika ukumbini, ni wachache watakaotambua tofauti.

Hoja ya pili ni ya lenzi mbili. Hao husema, tununue ya 18 hadi 55 na nyingine ya 70 hadi 300. Hesabu yao si mbaya, maana lenzi hizo ndogo za Nikon kwa pamoja hazizidi gramu 650. Lakini kila ubadilishapo lenzi, tumbo la kamera huwa wazi. Ndani yake kuna kibamba kinachopokea nuru mahali pa filamu ya zamani, na vumbi likikaa juu ya kibamba hicho, kila picha hutoka na madoa yale yale. Ninyi mnaijua barabara yetu ya murami wakati wa kiangazi. Tena mnyama hangoji. Mpaka umefungua mkoba, umetoa lenzi, umefunga nyingine, swala amekwisha kwenda zake.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaopenda namba kubwa. Hao wamesikia habari za lenzi ya Tamron ya mwaka 2017, itokayo milimita 18 hadi 400, nao wasema, kwa nini tuishie 140? Nawajibu kwa mambo mawili. Kwanza, uzito wake ni gramu 700 hivi, na ikivutwa yote hurefuka sana mbele ya kamera, tena tundu lake hupungua hadi f/6.3. Mkono ukitikisika kidogo tu, picha huharibika. Kanuni ya zamani yafaa hata leo: zidisha milimita mara moja na nusu kwa kamera kama yetu, kisha usipige polepole kuliko sehemu hiyo ya sekunde. Kwa 140 yatosha sehemu ya 200 ya sekunde; kwa 400 wahitaji sehemu ya 600. Kifaa cha kutuliza mtikisiko husaidia mkono wako, lakini hakimtulizi ndege anayeruka.

Pili, si vema kijana ajifunze kupiga watu akiwa mbali kama mpelelezi. Tulipokuwa Katwe tuliwaona watu wanaochimba chumvi katika ziwa lile, miguu yao majini. Ukiwa na lenzi ya 400 waweza kumpiga mtu picha akiwa kazini naye hajui. Ukiwa na 140 huna budi kusogea, kumwamkia, na kuomba ruhusa. Akikataa, basi. Akikubali, picha yako itakuwa na uso wa mtu aliyekutazama kwa hiari yake. Nadhani hayo nayo ni mafunzo ya chama chetu.

Wako pia wasemao simu zatosha. Simu haziruhusiwi bwenini, hilo mwalijua. Hata nyumbani, simu nyingi za bei nafuu hazivuti kitu hasa, bali hukata katikati ya picha na kuikuza, hata uso ukawa kama umechorwa kwa makaa.

Sasa sitaki kumdanganya mtu. Lenzi ninayoipendekeza ina udhaifu. Katika bonde la Kyambura, msituni walimo sokwe, nuru ni haba, na lenzi ya f/5.6 itahangaika. Kadhalika jioni ukumbini siku ya michezo ya kuigiza. Kwa ajili hiyo nashauri, kama fedha zitabaki, tuongeze lenzi ndogo isiyovuta, ya milimita 35 yenye f/1.8, iliyotolewa na Nikon mwaka 2009. Uzito wake ni gramu 200 tu, nayo hupitisha nuru karibu mara kumi kuliko f/5.6. Itakaa shuleni kwa kazi za ukumbini, na zumu itakwenda safari. Zote mbili kwa pamoja ni gramu 690, chini ya nusu ya lenzi kubwa moja.

Mwisho, neno kwa wale watakaotumwa kununua. Tukinunua iliyokwisha kutumika, tutapata nafuu ya bei, lakini tuwe na macho. Ielekezwe kwenye taa na kutazamwa ndani, maana katika hewa yetu ya unyevu vioo huota ukungu kama nyuzi za buibui, na ukungu ukila kioo hautoki. Pete izungushwe: isikwaruze, wala lenzi isijivute yenyewe ikiinamishwa chini. Tena iwe na mota yake ndani, kwa kuwa kamera yetu ni ya aina ndogo isiyo na mota, na lenzi za zamani zisizo na mota hazitalenga zenyewe. Ikifika, ihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, wala isifungiwe miezi katika mkoba wa ngozi.

Nawajua watakaosema ya kuwa mchagua jembe si mkulima, na ya kuwa mpigaji hodari hupiga kwa lolote. Nakubali. Lakini mkulima aliyepewa jembe moja kwa watoto kumi hana budi kuchagua lile ambalo hata mdogo wao aweza kuliinua. Mkutano wa chama utakaa Jumamosi ya kwanza ya muhula, na kila mwanachama ana kura moja, awe mkubwa au mdogo. Kaka zetu wa zamani nao wametuandikia ya kuwa watafuata uamuzi wetu. Kabla ya kupiga kura, mwombe katibu awape kamera na mfuko wa sukari wa kilo moja na nusu. Vivaeni vyote viwili shingoni, mzunguke uwanja wa mpira mara tatu, kisha mje mkutanoni.

Mwanachama wa Chama cha Picha,
Kidato cha Tano