"Tuacheni" Haimaanishi "Tutupeni"

Kila nikiposti kuhusu soko la mifugo hapa Garissa, lazima msee mmoja aandike: "Serikali itoke sokoni kabisa, kila mtu ajipange!" Sawa buda, lakini unajua hiyo stori ilianzia wapi?

Ufaransa, miaka ya 1700. Serikali ilikuwa inabana biashara ya nafaka: uuze wapi, uuze vipi. François Quesnay, daktari wa mfalme, na wenzake wakasema imetosha. Wito wao ukawa laissez-faire, yaani tuacheni tufanye.

Na wallahi, sisi watu wa North Eastern tunawaelewa. Wakati wa mkoloni, mifugo ya huku ilikuwa inawekewa karantini, isifike masoko ya juu. Walisema ni magonjwa, lakini masetla pia hawakutaka ushindani. Leo ng'ombe anatoka hata Somalia, dalali anakutanisha muuzaji na mnunuzi, wanaelewana bei, lori linaenda Nairobi. Hakuna ofisa anayepanga bei, na soko linatembea.

Sasa skiza hii. Mmoja wa hao Wafaransa, Turgot, alipewa kusimamia Limousin mwaka 1761, mkoa maskini, mbali na Paris. Huyu mtu wa soko huru alifanya nini? Alijenga barabara. Njaa ilipoingia 1770, alianzisha kazi za umma ili maskini wapate pesa ya chakula. Mwaka 1774 akawa waziri wa fedha, akafungulia biashara ya nafaka nchi nzima. Mavuno yakawa mabaya, mkate ukapanda, na 1775 watu wakaingia barabarani kwa fujo. 1776 akafutwa.

Sisi hilo somo tumelipata kwa ukame. Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Bei ya ng'ombe ilikuwa huru kabisa, lakini ng'ombe amebaki mbavu, unga umepanda, huo uhuru utaula?

Kwa hivyo mimi nasema: bei tuachieni wenyewe, tunajua kupatana. Lakini barabara, maji, daktari wa mifugo, na kununua mifugo mapema kabla haijaanguka, hiyo ni kazi ya serikali. Turgot mwenyewe aliifanya. Anayekwambia soko huru ni kuachwa ufe na mbuzi wako, mwambie akasome tena.

Wewe unaonaje?