Kipindi cha Michezo Kianzie Jikoni

KIBARAZA CHA JUMAMOSI
Na Tumaini Kessy

Ukisoma ratiba iliyobandikwa ukutani katika shule nyingi za msingi za kutwa, utakuta michezo imesukumwa mwisho wa siku. Jua bado kali, mwalimu amechoka, na mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri na kikombe cha chai ya rangi tumboni ndipo anaambiwa akimbie. Asubuhi hiyohiyo, kwenye sayansi, amechora mlo kamili na kuupaka rangi: ugali, samaki, mchicha, kipande cha papai. Alama amepata. Chakula hajala.

Ninachodai ni kwamba lishe na michezo vifundishwe pamoja, na vifundishwe kwa vitendo, pale jikoni na pale uwanjani.

Chukua suala la damu. Msichana wa miaka 14 aliyekwisha kuanza hedhi anahitaji madini ya chuma kuliko mvulana wa umri wake. Akipungukiwa, damu yake haibebi oksijeni ya kutosha, na uwanjani ndiko dalili zinakoonekana: anahema baada ya mzunguko mmoja, anaomba kukaa. Mara nyingi huitwa mvivu. Nimewasikia walimu wema kabisa wakilitumia neno hilo, na linaniuma, kwa sababu mtoto hulibeba hadi akaamini kwamba michezo si yake. Chuma kimo kwenye maharage na mboga za majani zinazouzwa kila soko, ila chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida. Limau likikamuliwa juu ya mboga, au chungwa likiliwa pamoja na chakula, kinaingia zaidi. Chai ya rangi ikinywewa papo hapo, kinazuilika. Dagaa nao wakiwemo, hali huwa bora zaidi. Somo hili halizidi dakika kumi, na mwanafunzi hatalisahau akifundishwa sahani ikiwa mkononi.

Hata makande, ambayo watoto huyachoka, yana siri inayofaa kuelezwa. Protini ya mahindi ina pengo, na maharage hulijaza. Kwa hiyo fedha zinapopungua, maharage yasiwe ya kwanza kukatwa, hadi mtoto akaweza kuyahesabu kwenye bakuli lake.

Najua swali litakalofuata: nani analipa? Elimu bila ada ilipoanza Tanzania mwaka 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kwa mzazi, na mwaka 2021 ukaja mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni. Karatasi tunazo. Kinachokwamisha shule nyingi za vijijini ni kudai fedha taslimu Januari, mzazi akiwa bado anatafuta sare na madaftari. Mkulima huyohuyo akifuatwa baada ya mavuno na kuombwa debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage, hutoa, hasa kamati ya shule ikimwonyesha stoo na daftari la matumizi. Na mtoto ambaye mzazi wake hajachangia apewe chakula kama wenzake. Kumweka kando awatazame wakila ni ukatili, hata kama umepitishwa na kikao.

Mijini kuna tatizo jingine, nalo liko getini. Lambalamba, krips, juisi za rangi, na soda ambayo chupa yake ya mililita 350 yaweza kuwa na vijiko vya chai vinane au tisa vya sukari. Wauzaji wale ni mama zetu; kuwafukuza hakujengi kitu. Shule ikae nao wakubaliane: karanga, mihogo ya kuchemsha, machungwa, ndizi mbivu. Watoto watanunua kinachouzwa.

Sasa uwanja. UMITASHUMTA ni mashindano ya shule za msingi ninayoyapenda, na vipaji vingi vimeonekana huko. Lakini timu ikishachaguliwa, mamia ya wanafunzi waliobaki hugeuzwa washangiliaji. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoutoa mwili jasho. Halijasema wale wenye vipaji tu. Michezo kama rede, nage, kuruka kamba na kombolela haihitaji jezi wala refa, na mtoto mnene anayeogopa kuchekwa kwenye mpira huingia humo bila woga. Mwanariadha wetu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03, nchi nzima ilishangilia, nami nilishangilia. Furaha ile ingefaa itusukume kuwatazama pia watoto ambao hawatashinda medali yoyote, lakini moyo na mifupa yao vinajengwa sasa.

Mengine hayahitaji hata bajeti. Mwalimu mkuu anaweza kuhamishia michezo asubuhi, baada ya uji, kabla jua halijawa kali. Wanafunzi wa sayansi wanaweza kupima maharage yanayoingia sufuriani na kuyaandika ubaoni kila siku, mzazi yeyote akipita ayaone. Halmashauri nazo zina kazi moja ya haraka: zipime viwanja vya shule na kuvikatia hati mapema, kabla fremu za maduka hazijafika golini.